Ile Yenye Kashe Kubwa Ilikuwepo Dukani

Mwanangu Hyasinta,

Salamu siandiki, maana tumeamkiana leo asubuhi hapa hapa jikoni na chai tumekunywa pamoja. Wewe umekwenda Kitura kumuaga Bibi yako, baba yako yuko kwenye kahawa, na mimi nimebaki na daftari lako la zamani la fizikia. Nimekuta kurasa nyeupe mwishoni, nimezichana. Mwandiko univumilie. Tangu nimalize darasa la saba, ninachoandika sana ni majina ya akina mama wa jumuiya, nani kaja na nani hakuja.

Mambo ya kufua, ya kula, ya kusali, ya kutomfuata kila anayekuita dada, hayo sitayaandika. Unayajua kunizidi. Nina jambo moja tu, na nimelibeba tangu mwezi wa saba. Kila nikitaka kulisema nakukuta unacheka, nasema nisimharibie siku yake. Au nakukuta umenuna, nasema nisimwongezee. Sasa kesho unaondoka na siku za kusogezea zimeniishia.

Ngoja niliandike kabla mkono haujaogopa. Ile prosesa yenye kashe kubwa uliyonituma Songea ilikuwepo dukani. Haikuwa imeuzwa. Niliiona, niliishika, nikairudisha juu ya meza, nikakuletea ile nyingine. Halafu nikakuambia imeuzwa.

Najua hapo umesimama kusoma. Simama tu, nami nimesimama kidogo, nimekwenda kugeuza kahawa juani nikarudi.

Unakumbuka siku uliponieleza kashe ni nini? Tulikuwa tunachambua maharage, wewe na mimi, ungo mmoja. Ulikuwa umeanza kufanya kazi kwa fundi Kastori pale Mbinga mjini, kwenye stationari yake, unamtengenezea video za harusi na za Komunyo ya kwanza. Alikuwa amekupa kompyuta moja nzee ya chumba cha nyuma, akakuambia ukiweza kuifanya iende mbio, kazi yote ya video ni yako. Ukaja nyumbani macho yanang'aa. Ukaniambia prosesa ndiyo inayofanya kazi yote mle ndani, na kwamba kuna watu wanaikimbiza kupita pale kiwanda kilipoiweka, wanaiongezea umeme kidogo kidogo huku wanachunga isipate moto. Ukasema zipo mbili Songea zinazoingia kwenye bodi ya kompyuta ile, lile bamba linalobeba vyote. Ni za ukoo mmoja, mwendo mmoja, ila moja ina kashe kubwa, na bei yake imeiacha mwenzake mbali sana.

Nikakuuliza, "Hiyo kashe ndiyo nini?"

Ukasema, "Mama, ukipika chumvi unaiweka wapi?"

"Si hapa, karibu na mafiga."

"Na gunia la mahindi?"

"Darini."

"Basi kashe ni hapo karibu na mafiga. Mpishi akiwa na kabati kubwa karibu yake, hainukiinuki kwenda darini."

"Kwa hiyo wanauza kabati."

Ukacheka. "Eee, wanauza kabati."

"Mpishi ni yule yule?"

"Yule yule."

"Na moto ule ule?"

"Ule ule."

"Basi huyo mpishi aongeze mwendo, kabati la nini?"

Ulicheka mpaka maharage yakamwagika. Ukasema hivyo hivyo ndivyo anavyosema Kastori, na ndivyo wasemavyo wengi wanaokimbiza mashine: nunua ya bei nafuu, mchochee mpishi, utaifikia ile ya bei kubwa na pesa yako imebaki mfukoni. Nikasema, unaona, na Kastori ni fundi. Ndipo ukaniambia neno ambalo sijalisahau. "Lakini mama, mpishi akikimbia na chumvi iko darini, anachokimbia ni kwenda darini tu."

Nilitabasamu nikadhani nimeelewa. Kumbe nilielewa maneno, si jambo lenyewe.

Ulikuwa umekaa na swali lile wiki nzima. Ulikuwa na karatasi yako, umeandika upande huu faida, upande huu hasara. Hukuwa na uhakika, na hukuficha. Ulisema, "Huenda Kastori yuko sahihi. Huenda kwa video kashe haitasaidia kiasi hicho. Lakini nataka kujua mwenyewe, na pesa ni yangu." Na kweli ilikuwa yako. Ilikuwa pesa ya miche ishirini ya kahawa ambayo Bibi alikugawia siku ya Komunyo yako. Ulikuwa hujawahi kuigusa. Ukanipa yote mkononi kwa sababu nilikuwa nakwenda Songea kununua sare za kwaya.

Dukani nilimkuta dada mmoja mpole. Nikamsomea ulichoandika, akazitoa zote mbili, akaziweka mbele yangu. Mwanangu, zilikuwa ndogo kama biskuti. Mimi nimezaliwa Chiwanda, kando ya ziwa. Kwetu ukinunua samaki mbasa unamfunua shavu uone kama ni jekundu, unambonyeza tumbo. Ukinunua usipa, dagaa wetu, unachota kiganja unanusa. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonifundisha kununua, kwa jicho, kwa pua na kwa mkono. Nikazichukua zile prosesa, moja kiganja hiki, nyingine kiganja hiki. Nikazipima. Uzito mmoja. Nikazigeuza chini, nikaona nukta zile zile za dhahabu. Nikanusa pia, yule dada akaangalia pembeni asinicheke.

Nikamuuliza, "Tofauti yake ni nini?"

Akasema, "Zote zinafanya kazi, mama. Hii ya bei kubwa imezidi kashe tu."

Hiyo "tu" yake ndiyo iliyonimaliza. Nikajiambia, mwanangu ni mdogo, anataka kuuziwa nafasi tupu. Nikanunua ile ya bei ndogo. Nilitoka dukani na nia njema kabisa, nakuapia. Nilisema nitamrudishia pesa iliyobaki, nitamweleza, atanuna siku mbili kisha ataniambia ahsante.

Lakini njia ya stendi inapita sokoni. Pale nikaona kitenge cha bluu chenye majani ya njano. Hyasinta, nilikuzaa nina miaka kumi na saba. Vitenge vyangu vyote mpaka leo nilipewa, cha harusi, cha msiba, cha kwaya. Sijawahi kusimama mbele ya mwenye duka nikasema nataka kile. Siku ile nilisema, na nikalipa kwa chenji yako. Sikuandikii hivi ili unionee huruma. Nataka ujue tu kwamba shetani hakunishika mkono, niliutoa mimi mwenyewe.

Sasa nikirudi nitasema nini? Nikikuambia niliichagua hii, utauliza chenji. Ndiyo nikatunga kwamba ile imeuzwa. Na ulipouliza chenji nikatunga la pili, kwamba hii nayo imepanda bei. Wewe ukasema, "Haya mama, pole kwa safari." Jumapili nikavaa kitenge kwenda kanisani, ukaniambia, "Mama, umependeza kama dada yangu."

Nataka nikuambie kitu ambacho hukijui, ingawa ulikuwepo. Ulikuwa mgongoni mwangu.

Mwaka nilioolewa huku Maguu sikujua kulima mlima. Kwetu ni mchanga, unapiga matuta, unachomeka mihogo, basi. Bibi yako akanichukua mwezi wa tatu kunifundisha ngolo. Unazijua vizuri, umekulia ndani yake, lakini mimi nilikuwa naziona mara ya kwanza. Majani yaliyokatwa yanapangwa miraba miraba, halafu unachimba katikati ya mraba, udongo unaumwaga juu ya majani, panabaki shimo. Maharage unapanda juu ya kingo. Shimoni hupandi kitu. Ukisimama ng'ambo unaona mlima wote kama sega la nyuki.

Nilimsikiliza, nikaitikia, lakini moyoni nikasema hawa watu wanachezea ardhi. Nusu ya shamba ni mashimo matupu. Bibi alinionyesha siku tatu, kisha akaitwa kwa shangazi yako kuuguza. Akaniachia kipande cha mteremko nikimalize. Alipogeuka tu nikayafukia mashimo. Nikapiga matuta mazuri ya ziwani, nikapanda maharage kila mahali, hakuna hata upana wa nyayo uliopotea. Nilijiona nina akili kuliko mlima mzima.

Mvua ikaja siku nne mfululizo. Kipande changu chote kiliondoka. Udongo, maharage, matuta, vyote tulivikuta chini, kwenye kahawa ya jirani. Pale juu palibaki mwamba mwekundu unang'aa kama kidonda. Kwa wenzangu maji yalikuwa yametulia ndani ya mashimo, kila shimo na kidimbwi chake, na maharage yamesimama.

Babu yako, Mungu amrehemu, alikuja na fimbo yake akauliza mbele ya watu, "Nani kalima hivi?"

Mimi nilikuwa nimekubeba mgongoni. Bibi alikuwa amerudi asubuhi ile, hata kanga ya safari hajavua. Akasema, "Ni mimi. Sikumwonyesha vizuri. Mtu wa ziwani atajuaje mlima?"

Alikuwa amenionyesha siku tatu, Hyasinta. Alijua, na alijua kwamba najua. Babu akaguna akaondoka. Bibi akanigeukia akasema, "Nipe mtoto nimbebe mimi. Wewe shika jembe." Tukaanza upya siku ile ile. Mpaka leo hajawahi kunikumbusha, hata kwa utani. Ananiita binti wa ziwani, lakini kwa mapenzi.

Sasa geuza uso uniangalie mimi.

Ile prosesa niliyokuletea uliifunga, ukaanza kuikimbiza. Ulikuwa umeshaapa kwamba kama ya kashe kubwa haipo, hii itaifikia kwa mwendo. Ukapandisha kidogo, ikakubali. Ukapandisha tena. Kila jioni ulikuwa unanieleza imefika wapi, nami nasema vizuri mwanangu, huku moyo unanisuta. Kisha ikaja video ya harusi ya wale watu wa hapa Maguu, waliyoitaka kabla ya Jumapili. Ukaona haitawahi. Ukaongeza umeme. Ijumaa mchana ikatoa harufu, kioo kikawa cheusi. Prosesa imekufa, na bodi ya Kastori imekufa nayo.

Picha zenyewe zilikuwa salama kwenye kadi, hakuna harusi iliyopotea. Lakini nilikuwepo pale kwa Kastori Jumapili ile mama wa bibi harusi alipokuja kufoka. Nilikuwa nimekuletea chakula. Nilikuwa nimevaa kile kitenge.

Kastori alikuambia, "Sinta, nilikuonya usizidishe. Una mikono yenye tamaa."

Ukasema, "Niliitaka ile nyingine, fundi. Ilikuwa imeuzwa. Muulize mama."

Akanigeukia. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Neno moja tu, kama la Bibi: ni mimi.

Nikasema, "Ndiyo, ilikuwa imeuzwa."

Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho, kuliko hata kitenge. Nyumbani nilikudanganya tukiwa wawili tu. Pale nilidanganya ukiwa umenishika kama shahidi wako.

Ulirudi nyumbani ukasema, "Mama, mimi si mtu wa mashine. Nina pupa." Ukasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua inakuja. Siku ya kujaza fomu ya chuo ukaacha kompyuta, ukajaza utunzaji wa nyaraka. Siidharau kazi hiyo, ni kazi ya heshima, ina kiti na meza. Ila nilikutazama ulipokuwa unaijaza. Ulijaza kama mtu anayejipa adhabu. Na adhabu hiyo ni yangu.

Jana nilikuaga nakwenda mnadani. Nilikwenda kwa Kastori. Nilimweleza yote, sikuacha hata kitenge. Alikuwa anatoa kopi, akaiacha mashine ikaendelea yenyewe mpaka karatasi zikadondoka chini.

Akasema, "Mama Sinta, hata mimi ningenunua ile ya bei nafuu. Nilimwambia hivyo."

Nikamwambia, "Lakini wewe ulimwambia usoni."

Akasema, "Hapo umenipiga."

Nikamuuliza kinachoninyima usingizi: ningekuletea ile uliyoitaka, bodi isingeungua? Sitaki kukudanganya tena, kwa hiyo naandika alivyosema. Alisema hajui. Bodi ilikuwa nzee, huenda ingeungua hata hivyo. Na zile zenye kashe kubwa nyingine hazipendi kuchochewa sana, zinapata moto upesi. Lakini akasema kwa ile kubwa huenda usingekuwa na haja ya kuichochea kiasi kile. Nikauliza, kwa hiyo ilistahili bei yake au haikustahili? Akajikuna kichwa. "Kwa mwingine ni pesa ya bure. Kwa kazi yake yeye, sijui. Hiyo inajulikana kwa kuzifunga zote mbili ukapima."

Basi hapo ndipo nilipoelewa nilichokuibia. Pesa ni sehemu ndogo. Ulikuwa na swali lako, umelilea wiki nzima, na mimi nikalijibu kwa viganja vyangu viwili katikati ya duka, nikakuletea jibu kama vile ndilo lililokuwepo peke yake. Huenda ungekuta Kastori yuko sahihi, ungecheka, ungekuwa umejua. Huenda ungekuta yeye kakosea. Hujui. Nami ndiye niliyefanya usijue, kisha nikakuacha uamini kwamba ubaya uko mikononi mwako.

Mikono yako haina tamaa. Kastori amelirudisha neno lile, amesema atakupigia mwenyewe, na asipopiga mkumbushe. Ulichokuwa unafanya ni kumlazimisha mpishi afidie kabati ambalo mama yako alilikataa.

Nilimpigia pia yule dada wa Songea. Nilitaka kuinunua ile ya kashe kubwa nikuwekee kwenye begi kimya kimya, uikute huko. Akasema imeuzwa wiki iliyopita. Nilikaa chini hapo hapo barabarani. Uongo wangu ulikuwa umegeuka kweli, na bado haukunisaidia kitu. Halafu nikaona ni afadhali. Ningeinunua ningekuwa nimekuchagulia tena.

Ndani ya bahasha hii kuna pesa yako iliyobaki siku ile, imekamilika. Nimeuza maharage ya kipande changu, kile kile cha mteremko ambacho sasa kina mashimo mpaka kilele. Ukitaka ununue kashe. Ukitaka ununue viatu, au blanketi, maana huko chuoni Mbeya kuna baridi. Sitauliza.

Na karatasi yako ya kujiunga na chuo nimeisoma. Imenichukua asubuhi nzima, nimefika ukurasa wa mwisho ambao nadhani wewe hukufika. Wameandika kwamba mwanafunzi anaweza kubadili kozi katika wiki mbili za kwanza, kwa kuandika barua. Sikuambii ubadili. Kama nyaraka ndizo unazozitaka kweli, kaa nazo, nitakuwa na furaha ile ile. Ninachoomba ni kwamba, utakapochagua, usihesabu ile bodi iliyoungua kama ushahidi dhidi yako. Iondoe kwenye karatasi. Ile niandikie mimi.

Baba yako nitamweleza leo akitoka shambani. Bibi nitamfuata Kitura wiki ijayo, ingawa nina wasiwasi atasema tu, "Binti wa ziwani," kisha anipe ndizi.

Nilikuwa nimepanga kuifunga barua hii na maandazi yako, uikute ukiwa umeshapita Songea, mimi niko mbali, nawe huwezi kunifikia. Nimeandika mpaka hapa nikaona hiyo nayo ni njia ya kukimbia. Kwa hiyo nitakupa mkononi kesho asubuhi, kabla chai haijachemka. Usome ukiwa umekaa kwenye kigoda chako. Mimi nitakuwa upande wa pili wa mafiga, sitatoka kwenda kuteka maji, sitajifanya natafuta kuni. Ukiwa na neno la kuniambia, kali au lolote, nitakuwepo.

Nimeona kichwa chako kinachomoza kwenye kona ya kahawa, na mkungu wa ndizi juu. Naficha karatasi.

Aliyekubeba mlimani bila kuujua mlima,
Mama yako, Editha